Mwacheni Mtoto Azame

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine ukidhani nimerukwa na akili, nisikilize kwanza. Nina ugomvi. Nina ugomvi na ukoo wangu, nina ugomvi na mtaa wangu wa Nkuhungu, nina ugomvi na nyie vijana wenzangu mnaojiita waandishi. Na nikimaliza hao wote, nina ugomvi na mimi mwenyewe.

Chanzo ni kikao. Jumapili moja baada ya ibada tulikusanyika sebuleni kwa baba mkubwa, watu wazima kumi na watatu, chupa mbili za chai na sinia la karanga. Ajenda zilikuwa mbili. Ya kwanza, send-off ya binti wa shangazi. Ya pili iliandikwa "mengineyo". Hayo mengineyo alikuwa mdogo wangu wa kike.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Kapita JKT kwa mujibu wa sheria, karudi kakonda, kawa mweusi, na sauti imekuwa ya mtu anayejua anachokitaka. Alichoomba kwa wazee hakikuwa kikubwa: nauli ya kwenda Dar na hela ya kujikimu miezi minne kwa mama mdogo anayeishi Kigamboni, ajifunze kuogelea sawasawa huku akisubiri tangazo la jeshi. Maana hapa Dodoma wa kumfundisha yuko wapi? Bwawa la hoteli linataka hela kila ukiingia, na mabwawa yetu ya mashambani yana kichocho.

Baba mkubwa akamuuliza, "Jeshi sawa, mwanangu. Lakini kwa nini Wanamaji?"

Akajibu bila kupepesa macho, "Nataka nianze juu ya maji, baba. Siku moja Mungu akijalia, nifanye kazi ndani ya nyambizi."

Jamani! Sebule nzima ilipasuka kwa kicheko. Mjomba karanga zilimpalia. "Mgogo na nyambizi!" alisema akijifuta machozi. "Sisi ndoo moja ya maji tunaigombania bombani, wewe unataka kuishi chini ya bahari?" Shangazi naye akaongeza la kwake, "Na huko chini utaolewa na kambare?" Wakacheka tena. Send-off ikaahidiwa milioni moja na laki mbili papo hapo. Mdogo wangu akaambiwa "tutaangalia". Msomaji, unaijua "tutaangalia" ya kikao cha ukoo. Ni hapana iliyovaa suti.

Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilicheka pia. Hilo nitalirudia mwishoni, maana ndilo linalonifanya niandike usiku huu badala ya kulala.

Hoja za ukoo wangu zilikuwa tatu. Nimezisikia pia kijiweni, kanisani na kwenye daladala za Jamatini, kwa hiyo si za ukoo wangu peke yake. Ya kwanza: maji si yetu sisi watu wa nchi kavu. Ya pili: Tanzania haina nyambizi, basi huyu mtoto anaota. Ya tatu, iliyosemwa na mama kwa sauti ya chini wengine walipokwisha kucheka: ile ni kazi ya kufa. Nitazijibu moja moja, na ya mama nitaijibu kwa adabu, kwa sababu ndiyo peke yake yenye uzito.

Tuanze na ya kwanza. Eti maji si yetu. Wazee wangu, jina la mji huu mmelisahau? Kila mtoto wa hapa amesimuliwa na bibi yake habari ya tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye tope, akazama. Watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Wageni wakashindwa kulitamka, likawa Dodoma. Mji mkuu wa nchi hii, uliochaguliwa mwaka 1973 na kuwekewa sheria yake mwaka 2018, unaitwa Kuzama! Leo mtoto wa mji huo anasema anataka kuzama kwa hesabu na kwa utaalamu, halafu aibuke na mshahara, nanyi mnacheka.

Halafu mnajifanya hamjui historia. Wakati wa misafara ya karne ya 19, watu wa pwani na wa Unguja walipokuwa wakienda Tabora na Ujiji, njia ilipita Ugogo. Walikatiza nyika ya Marenga Mkali midomo imekauka, na walipofika kwetu walitozwa hongo na watemi ndipo wapite na kunywa. Mtu wa nchi kavu ndiye anayejua thamani ya maji kuliko anayelala akiyasikia. Aliyezaliwa ufukweni huyaona maji kama mimi ninavyouona mlima wa Mlimwa. Aliyebeba ndoo kichwani kilomita tatu ndiye anayeyaheshimu, na bahari inataka mtu wa kuiheshimu.

Kuna kingine. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika mnaijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli nyingine, kisha ikapandishwa treni ya reli ya kati. Reli gani? Hii hii ya zamani inayopita Dodoma. Ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui, mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Meli nzima imepita hapa kwetu ikiwa ndani ya makasha! Imezama, imeibuka, ikafanya kazi miaka mingi kuliko umri wa kila aliyekuwa kwenye kikao kile. Kama meli inaweza kukatiza Ugogo kwenda kwenye maji, msichana mmoja na begi lake atashindwa nini?

Na kama bado mnadhani kila kitu cha pwani ni cha watu wa pwani, basi niambieni habari za Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, hapo hapo tunapopita tukienda Chamwino. Mgogo halisi. Lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili. Nani basi aliyempa ruhusa ya kuingia kwenye ushairi, ambao watu wa mwambao walikuwa wakiutunga karne na karne kabla yake? Hakuna. Aliingia mwenyewe, akajifunza vina na mizani, akawapelekea hao hao watu wa pwani ngonjera, wakaimba nchi nzima. Alipofariki mwaka 1969 hakuna aliyesema ushairi si wa Wagogo. Sisi tunaoandika humu tunajivunia yeye. Basi tusiwe wanafiki. Mgogo aliyezama kwenye bahari ya lugha tunamsifu, na huyu anayetaka kuzama kwenye bahari ya chumvi tunamuuliza ataolewa na nani.

Hoja ya pili: Tanzania haina nyambizi. Kweli, haina. Katika Afrika yote, nchi zenye nyambizi leo ni Misri, Algeria na Afrika Kusini. Jeshi letu la Wanamaji lina makao yake Kigamboni, lina meli na boti za doria, nyambizi halina. Mdogo wangu analijua hilo kuliko mjomba. Ndiyo maana alisema "nianze juu ya maji". Hakusema kesho asubuhi.

Lakini sikilizeni, nyie mnaosema hakuna kazi chini ya maji. Mnakumbuka tarehe 21 Mei 1996? MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikabaki inaelea tumbo juu. Ndani mlikuwa na watu hai. Wakaitoboa ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikaenda chini pamoja nao. Mamia walikufa. Wengi wetu tunaoandika humu tulikuwa hatujazaliwa, lakini hakuna nyumba ambayo hatukuisikia habari hiyo. Sasa niulize: mtu anayejua nyambizi anajifunza nini siku ya kwanza? Anajifunza hewa na maji. Anajifunza kwamba chombo huzama pale maji yanapoingizwa kwenye matangi yake, na huibuka pale hewa iliyoshindiliwa inapoyasukuma maji hayo nje. Hewa ndiyo uhai wa kila kitu kinachoelea. Somo hilo, siku ile, lingekuwa na bei gani?

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai, alikuwa amejificha sehemu yenye hewa karibu na injini. Siku mbili! Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafa 19, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Nawavulia kofia wavuvi hao. Lakini nchi yenye Ziwa Victoria, yenye Nyasa, yenye Ziwa Tanganyika ambalo kina chake ni kama mita 1,470 na duniani linazidiwa na Baikal tu, na yenye pwani ndefu kutoka Tanga mpaka Mtwara, inaweza kweli kumcheka mtoto anayetaka kujifunza kufanya kazi chini ya maji? Hata asipoiona nyambizi maisha yake yote, njia ya kwenda huko inapita kwenye kuogelea, kupiga mbizi, fizikia, umeme, injini, na moyo wa kutulia mahali pa giza. Akiishia nusu ya njia hiyo atakuwa tayari ni mtu ambaye nchi hii inamhitaji.

Shangazi, nimekuacha makusudi. Ulisema habari ya kambare. Nikukumbushe kwamba nyambizi tatu za Afrika Kusini zote zina majina ya wanawake wa Kiafrika: Manthatisi, Charlotte Maxeke na Queen Modjadji. Norway ilifungua mlango wa nyambizi kwa wanawake mwaka 1985, na mwaka 1995 Solveig Krey akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa nahodha wa nyambizi ya kijeshi. Hiyo ni miaka mingi iliyopita, shangazi. Wenzetu wameshalimaliza swali hilo, sisi ndio kwanza tunalicheka.

Sasa nije kwa mama. Mama yangu hakucheka. Alikaa anazungusha kikombe mkononi, akasema, "Mimi sina la kusema juu ya Wagogo na maji. Mimi nasema ile ni kazi ya kufa, na mwili hauonekani."

Mama, sitakudanganya. Waandishi wadanganyifu wangekuambia kwamba ni kazi salama. Tarehe 12 Agosti 2000 nyambizi ya Kirusi Kursk ililipuka na kuzama, na wote 118 walikufa. Ishirini na watatu kati yao waliishi kwa saa kadhaa sehemu ya nyuma, na ofisa mmoja, Dmitri Kolesnikov, aliandika gizani, bila kuona kalamu yake, kwamba wako watu 23. Tarehe 15 Novemba 2017, San Juan ya Argentina ilipotea na watu 44. Tarehe 21 Aprili 2021, Nanggala ya Indonesia ilizama kaskazini ya Bali na watu 53. Na hapa Afrika, tarehe 20 Septemba 2023, wimbi liliwasomba wanajeshi waliokuwa juu ya mgongo wa Manthatisi karibu na Cape Town. Watatu walifariki, mmoja wao ofisa mwanamke.

Kwenye San Juan alikuwemo Eliana Krawczyk, mwanamke wa kwanza wa Argentina kuwa ofisa wa nyambizi. Alizaliwa Oberá, mji wa bara, mbali na pwani. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 21. Mtoto wa nchi kavu, kama wetu. Baba yake alimwita malkia wa bahari. Nimefikiri sana juu ya baba huyo. Angeweza kumwita mwehu, angeweza kumwambia "tutaangalia". Alimpa jina la sifa. Binti hakurudi, na baba alibaki na jina lile. Je, alikosea? Sithubutu kumjibia. Ninachojua ni kwamba binti yule aliondoka duniani akijua kwao walijua anafanya kazi gani na waliionea fahari.

Lakini mama, tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Mwaka jana ukoo huu huu ulichanga ukamnunulia mtoto wa baba mkubwa pikipiki ya bodaboda. Hakuna aliyesema ni kazi ya kufa. Tulimpigia makofi, tukapiga picha. Hakupewa kofia ngumu, hakupelekwa chuo cha udereva, alifundishwa jioni mbili kwenye uwanja wa shule. Ukitaka kujua hatari ya kazi hiyo, nenda wodi ya majeruhi ya hospitali yoyote kubwa Jumamosi usiku. Kwa hiyo si kifo tunachokiogopa. Tunaogopa kifo tusichokizoea. Mtu anayepelekwa kwenye nyambizi husomeshwa kwanza, hupimwa mwili na akili, hufundishwa moto, maji na namna ya kutoka chombo kikiharibika, na hawezi kukabidhiwa kazi mpaka athibitishe kwamba anakijua chombo chote. Kati ya hatari mbili hizi, ipi imewekewa adabu?

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na neno lenyewe, "kumsaidia mtoto". Sisi tunajua msaada wa aina mbili tu. Wa kwanza ni hela. Wa pili ni maombi. Ukishatoa hela na ukaomba, umemaliza, unakaa unasubiri mtoto aanze kutuma. Mimi nasema kuna wa tatu, na ndio mgumu: kuijua kazi ya mtoto.

Nani kwenye kikao kile aliuliza nyambizi inakwendaje? Hakuna. Haina madirisha ya kutazamia nje, jamani. Inasikiliza, kama kipofu anavyosikiliza njia. Zile zisizotumia nyuklia zina injini za dizeli za kuchaji betri, na lazima zisogee karibu na uso wa maji kuvuta hewa. Za nyuklia zinakaa chini miezi. Uingereza tangu mwaka 1969 haijakosa hata siku moja nyambizi yenye makombora baharini, na siku hizi safari moja imewahi kuzidi miezi sita. Miezi yote hiyo baharia hapigi simu, haandiki barua. Familia yake huruhusiwa kumpelekea ujumbe mfupi kila wiki. Zamani ulikuwa wa maneno 40 tu, baadaye yakaongezwa mpaka 120. Yeye anasoma, hajibu. Na habari mbaya haipelekwi. Msiba ukitokea nyumbani anaweza asiambiwe mpaka arudi.

Nilipomsomea mama habari hiyo alikaa kimya muda. Kisha akaniambia, "Leta kalamu. Tujaribu." Akafumba macho kama mtu anayeona mtoto wake yuko kule chini tayari. Akasema niandike: mvua imenyesha, mtama umeota, mbuzi wako kazaa, kula. Nikamwambia, mama, hayo ni maneno manane tu, una thelathini na mawili bado. Akasema, "Yanatosha. Mengine atayajua."

Nyie waandishi wenzangu, mnasikia? Mwanamke aliyeishia darasa la saba kaandika barua iliyokaza kuliko riwaya yangu yote ya kurasa mia mbili. Nyie mnaniletea hadithi za mapenzi, kijana kampenda binti wa tajiri, kapigwa na walinzi, kaenda Dar, kapata UKIMWI, mwisho. Hadithi mia, zote za namna hiyo. Mnasema hakuna cha kuandika Dodoma, vumbi tupu, zabibu na wabunge. Mtaani kwenu kuna msichana anayetaka kuishi chini ya bahari, na mama anayehesabu maneno ya kumpelekea, na nyie mnasubiri visa vije kwa basi kutoka Dar! Washikaji, acheni hizo.

Na kuna msaada wa nne, ambao ukoo wetu hautaki hata kuusikia. Ni kudai. Kursk ilipozama, wakubwa walificha, wakababaisha, wakachelewa kukubali msaada wa Wanorway na Waingereza. Mama mmoja aliposimama kuwakaripia kwenye mkutano alidungwa sindano mbele ya kamera, akalegea. Picha ile ilizunguka dunia. Argentina nako, ndugu wa wale 44 walipiga kambi kwenye uwanja wa Plaza de Mayo wakidai utafutaji uendelee. Hawakunyamaza. San Juan ikapatikana mwezi Novemba 2018, mwaka mmoja baada ya kupotea, kwenye kina cha zaidi ya mita 800. Hao ndio wazazi wanaosaidia. Mtoto akiwa chini, mzazi ndiye sauti yake juu.

Sisi je? Sisi tukishatoa mtoto kwa serikali au kwa kampuni tunasema "ni kazi ya Mungu". Akiumia, kazi ya Mungu. Asipolipwa, kazi ya Mungu. Meli ikijazwa kupita kiasi, kazi ya Mungu. Mungu wa watu amebebeshwa mizigo ya makarani wote wa nchi hii! Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wa kazi ya hatari hana budi ajue kuuliza: chombo kimekaguliwa lini, vifaa vya kujiokolea viko wapi, nani atanipigia simu kikitokea kitu, na kwa nini hajanipigia. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni ulezi.

Mtaniambia, wewe nani hata utufundishe? Kidato cha nne, daraja la nne, unauza vocha na kuandika riwaya ambayo hakuna aliyeisoma. Ni kweli. Na hapa ndipo nilipoahidi kurudi.

Mimi nilicheka kwenye kikao kile. Nilicheka, nikijua fika mdogo wangu ana akili kuliko sisi wote. Nilicheka kwa sababu miaka mitatu iliyopita mimi ndiye niliyekuwa "mengineyo". Nilisimama nikasema nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na mjomba yule yule akauliza, "Hiyo ni kazi au ni ugonjwa?" Wakacheka vile vile, kwa sauti zile zile. Siku hiyo kati ya watu wote aliyeninyamazia alikuwa mmoja: msichana wa kidato cha tatu, aliyenifuata uani baadaye akanipa daftari lake jipya la fizikia, akaniambia, "Andika kwenye hili, kaka. Mimi nitaomba lingine shule." Sura ya kwanza ya riwaya yangu imo ndani ya daftari hilo.

Na zamu yake ilipofika, nilicheka. Mtu aliyewahi kuchekwa akipata nafasi ya kukaa upande wa wachekaji huifurahia, anapumua. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na naamini si yangu peke yangu. Tunajiita vijana wa mabadiliko, tukishakaa na wazee kwenye chai moja tunageuka wazee.

Nilikuwa nimeweka hela kidogo kidogo ya kuchapishia muswada na kuupeleka Dar kwa wachapishaji. Juzi nimeihesabu. Inatosha nauli ya treni na miezi miwili Kigamboni, si minne. Nimempa. Miezi miwili iliyobaki nawadai wale kumi na watatu hadharani, kwa maandishi haya, na nakala nitaipeleka mwenyewe kwenye kikao kijacho. Mkitaka kuniita mtovu wa nidhamu, niiteni. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda kile kile karibu na mlango.

Sijui kama jeshi litamchukua. Huenda asifaulu vipimo, huenda nafasi zikawa chache, huenda akarudi nyumbani na kujua kuogelea tu. Basi atarudi akiwa ndiye mtu pekee katika ukoo wetu anayejua kuogelea, nasi tutakuwa na wa kumtupia kamba mwenzake siku maji yatakapotujia. Hata hapo hatutakuwa tumepata hasara.

Anaondoka Alhamisi. Mama kamfungia unga wa uwele na mlenda mkavu, baba kampa saa yake ya mkononi, hakusema kitu. Ukoo bado unaangalia.